Uzi: Kupima milango ya mtandao wa nyumba ya wageni Lamu, na yale niliyoyakosa mara ya kwanza

Fundi wa Langoni, Lamu

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mwezi uliopita mwenye nyumba moja ya wageni huku Shela aliniita kwa sababu intaneti yake ilikuwa nzito kila usiku, naye alikwisha kubadilisha kifurushi mara mbili bila ya kuona nafuu. Nilimwambia kwamba kabla ya kulipia kifurushi kikubwa zaidi ingefaa tujue kwanza ni vifaa gani vimo katika mtandao wake na kila kifaa kimeacha mlango gani wazi. Alikubali. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa kwa urefu, kwa kuwa naamini hali kama hiyo imo katika nyumba nyingi za wageni, zahanati na maduka ya pwani yetu, na wenyewe hawana habari.

Nilianza kwa kalamu na karatasi. Tuliandikiana waraka wa ukurasa mmoja unaosema nani ananiruhusu, vifaa vipi nitavigusa, siku zipi na saa zipi, nani wa kupigiwa simu kitu kikizimika, na mambo gani sitayafanya hata nikiombwa. Katika hayo nisiyoyafanya niliandika kwamba sitajaribu kuuzidi nguvu mtandao kwa mawasiliano mengi mpaka ulale, wala sitafungua faili la mgeni yeyote na kulisoma. Mwenye nyumba alitia sahihi yake, nami yangu, kila mmoja akabaki na nakala.

Kisha tukazunguka nyumba nzima na daftari. Wanaojua nyumba zetu za mawe wanajua kwamba kuta za matumbawe ni nene mno na waifai haipenyi, kwa hiyo kila fundi aliyepita aliongeza kisanduku chake na kebo yake, mpaka haikujulikana tena kebo ipi inakwenda wapi. Darini, ambako hakuna ukuta wa kuzuia chochote, waifai ya wageni ilishika vizuri hata kwenye madari ya majirani, na nenosiri lake limebandikwa nyuma ya mlango wa kila chumba. Mwenye nyumba alinitajia vifaa 14. Nilipounganisha laptopu yangu kwenye waifai ya wageni, kama mgeni mwingine yeyote, na kuuliza ni nani aliyeko, vilijibu vifaa 23, nikiwa nimekwisha kuziondoa simu za wageni waliokuwamo.

Hapo palikuwa na tatizo la kwanza na kubwa kuliko yote yaliyofuata. Mtandao mzuri hupangwa kama nyumba ya kale ya Lamu: anayebisha hupokewa dakani, mgeni wa kulala hupewa sabule yenye njia yake mwenyewe, na ndani hawaingii ila wenyeji. Mtandao huu haukuwa na daka wala sabule. Mgeni wa usiku mmoja, au kijana aliyekaa kwenye dari la jirani, alikuwa anaweza kuzungumza na kompyuta ya mapokezi, printa, mashine ya kurekodi kamera na diski ya kuhifadhia hati, vyote kwa pamoja.

Kwa wasiozoea mambo haya, niseme kidogo juu ya poti, yaani hiyo milango ninayoitaja. Kila kifaa chenye anwani ya mtandao kina poti zenye namba kuanzia 0 hadi 65535, na kila huduma husubiri wateja wake kwenye namba yake. Kurasa za tovuti hukaa kwenye 80 na 443, barua pepe baina ya seva na seva hupita 25, majina ya tovuti huulizwa kwenye 53, mafaili ya Windows hugawanywa kupitia 445. Programu niliyotumia ni Nmap, iliyotolewa na Gordon Lyon mwaka 1997 na ambayo hadi leo hupatikana bure. Inabisha kwenye kila poti na kuleta jibu la namna tatu: poti iko wazi na kuna huduma inayosikiliza, au imefungwa na kifaa chenyewe kimesema hakuna mtu, au imechujwa, yaani pametokea kimya kwa sababu ngome fulani ya mtandao imelimeza swali njiani. Wengi huchanganya hilo la pili na la tatu, ilhali tofauti yake ni muhimu, kwa maana poti iliyofungwa leo bila ya ngome mbele yake itafunguka kesho mtu akiwasha huduma bila ya kufikiri.

Mashine ya kurekodi kamera ilikuwa imeacha wazi poti namba 23. Hiyo ni Telnet, itifaki (yaani kanuni za mazungumzo baina ya vifaa) ya kuendeshea kifaa ukiwa mbali, iliyoanza mwaka 1969 wakati waliounganishwa walikuwa taasisi chache zinazojuana, na haifichi kitu. Nilimwomba mwenye nyumba aingie yeye mwenyewe kwa nenosiri lake huku Wireshark, programu ya kutazamia mawasiliano yanayopita, ikiwa imewashwa kwenye laptopu aliyoitumia, akaliona nenosiri lake likipita herufi baada ya herufi kama barua isiyo na bahasha. Nenosiri hilo lilikuwa lile lile la kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilisambaa ulimwenguni kwa njia hiyo hiyo, ikijaribu majozi kama 60 tu ya majina na manenosiri ya kiwandani kwenye kamera na ruta za watu, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi lake la vifaa vidogo vidogo likaizidi nguvu kampuni ya Dyn ya Marekani hata tovuti kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Hakuna kilichovunjwa kwa ustadi hapo. Milango ilikuwa wazi.

Diski ya kuhifadhia hati ilinitia huzuni zaidi. Ilikuwa ikipokea FTP, itifaki ya kuhamishia mafaili, kwenye poti 21 kwa jina «anonymous» bila ya nenosiri, na kwenye poti 445 ilikuwa ikigawanya folda zake kwa itifaki ya SMB toleo la 1, kwa kila aliyefika. Folda moja ilikuwa na picha za pasipoti za wageni. Niliona majina ya mafaili, nikasimama hapo hapo, nikamwita mwenye nyumba aje aone mwenyewe. Toleo hilo la SMB ndilo lililokuwa na ufa ulioibeba programu hasidi ya WannaCry tarehe 12 Mei 2017, ilipozifunga zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi kiasi cha 150 na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha Windows tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Diski hii haikuwa ya Windows, lakini kompyuta ya mapokezi ilikuwa, na toleo la 1 lilikuwa limeachwa likiwaka humo kwa sababu tu diski ile haikujua lugha nyingine.

Niliyarekebisha hayo na kuandika ripoti. Nitaendelea na sehemu ya pili kesho, lakini maswali yanakaribishwa.

Mpokezi wa Wageni, Malindi

Wa alaykum salaam, Fundi. Nimesoma kwa makini kwa sababu nafanya kazi mapokezi katika hoteli ndogo hapa Malindi na tunapiga picha pasipoti vile vile, kisha sijui picha hizo zinakaa wapi. Nina maswali mawili, naomba unijibu bila ya kunionea haya. La kwanza, je, nikiweka programu hiyo kwenye laptopu yangu na kuupima mtandao wa hoteli kwa nia njema, nitakuwa nimevunja sheria? La pili, meneja msaidizi aliniambia kwa mdomo kwamba naweza kujaribu. Je, hilo linatosha?

Fundi wa Langoni, Lamu

Dada yangu, au kaka yangu, nashukuru kwa kuuliza kabla ya kugusa.

Sheria yetu ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, katika kifungu cha 14, inamwadhibu anayevuka ulinzi wa mfumo wa kompyuta kwa kusudi la kuufikia hali anajua kwamba hana ruhusa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyo inaitazama ruhusa kwa mtu mwenye haki ya kuitoa. Nia njema peke yake si ruhusa. Meneja msaidizi anaweza kuwa mtu mwema kabisa lakini hana mamlaka juu ya mtandao wa mwajiri wake, na neno lake la mdomo litakuacha peke yako siku atakaposema kwamba hakukuelewa. Mwendee mwenye hoteli, au mkurugenzi aliyepewa mamlaka hayo, upate maandishi.

Tena hata mwenye hoteli hawezi kukuruhusu kwa kila kitu kinachopita katika jengo lake. Ruta ikiwa ni mali ya kampuni ya intaneti, hiyo si yake kuitolea ruhusa. Mfumo wa kuwekea nafasi za vyumba ukiwa unakaa kwenye seva za kampuni nyingine nje ya nchi, huo nao si wake, ingawa anaulipia kila mwezi. Katika waraka wangu wa Shela niliandika anwani moja moja za vifaa vya ndani, na nilipokuta anwani moja isiyokuwamo katika orodha niliiacha mpaka tulipojua ni ya nani. Ilikuwa ni ya kisanduku cha jirani, kilichounganishwa kwa kebo iliyopita juu ya ujia miaka iliyopita ili agawiwe intaneti. Lau ningeipima tu, ningekuwa nimeingia nyumba ya mtu.

Kuhusu pasipoti, mwambie mwajiri wako kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba data za watu zimefikiwa na asiyestahili na kwamba kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe. Wenye hoteli wengi hulisikia hilo kwa haraka zaidi kuliko wanavyosikia habari za poti.

Mlinzi wa Seva, Malindi

Fundi, kazi yako ni njema na heshima uliyoiweka kwenye ruhusa inastahili kuigwa, lakini kwa kuwa watu watakufuata hatua kwa hatua, lazima niseme wazi kwamba upimaji ulioueleza haujakamilika, na mtu akiutegemea hivyo atadhani nyumba imefungwa ilhali madirisha yako wazi.

Kwanza, Nmap ukiiacha na mipangilio yake ya kawaida haibishi kwenye poti zote. Inabisha kwenye poti 1,000 zinazotumiwa sana za TCP, ile njia ya mawasiliano ambamo pande mbili huitikiana kwanza, basi. Fundi aliyehamisha huduma kutoka poti 22 hadi 50022 kwa kuamini kwamba ameificha atakuwa amekuficha wewe unayepima, hali mshambuliaji mwenye subira ataikuta. Kwa mtandao mdogo kama huo hakuna udhuru wa kutoiongezea Nmap amri ya -p- na kubisha kwenye poti zote.

Pili, na hili ndilo linalonishughulisha zaidi, hukutaja UDP, njia ya pili ya mawasiliano inayotuma bila ya kuitikiana, hata mara moja. SNMP, ambayo swichi (visanduku vya kuunganishia kebo za mtandao) na printa nyingi huitumia kutoa habari zao, iko kwenye UDP 161. Majina ya tovuti, saa za mtandao kwenye poti 123, na ile huduma ya vifaa kujitambulisha kwenye 1900, zote ni za UDP. Ukipima TCP peke yake hutaziona. Ni kweli kwamba UDP huchosha, kwa kuwa poti iliyo wazi mara nyingi hukaa kimya na poti iliyofungwa hujibu kwa kujivuta: mifumo ya Linux, kwa mfano, hujizuia kutoa majibu hayo kwa kiasi cha moja kwa sekunde, hivyo kuzipima poti zote za kifaa kimoja huweza kuchukua zaidi ya saa 18. Ndiyo maana mtu huchagua poti chache za UDP anazozijua na kuzipima hizo kwa uangalifu, badala ya kuziacha zote.

Tatu, umepita juu ya printa bila ya kutoa onyo. Printa nyingi za mtandao husikiliza kwenye poti 9100 na kuchapisha chochote kinachofika hapo. Mpimaji anapouliza toleo la huduma kwenye poti hiyo, maswali yake hugeuka kurasa za herufi zisizosomeka. Nmap yenyewe huiruka poti hiyo katika uchunguzi wa matoleo kwa sababu hiyo, ila mpimaji akilazimisha. Nilikwisha kuona ofisi moja ikimaliza karatasi zake zote asubuhi moja kwa sababu ya kijana aliyelazimisha. Vifaa vya zamani vyenye kumbukumbu ndogo huweza hata kuganda, na kwa zahanati jambo hilo si la mchezo kabisa: mashine iliyounganishwa na mgonjwa haipimwi.

Nne, ulipima ukiwa ndani tu. Je, nje panaonekana nini?

Fundi wa Langoni, Lamu

Mlinzi, nimeyasoma maneno yako mara mbili, na baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda Shela tena, nikamweleza mwenye nyumba kwamba kazi yangu ilikuwa na upungufu, tukaongeza siku mbili kwenye waraka.

Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Nilipouliza kwenye UDP 161, swichi iliyoko chini ya ngazi ilijibu kwa neno «public», ambalo ndilo neno la kupitia linalowekwa kiwandani, ikanitajia kila kifaa kilichounganishwa nayo na kiasi cha mawasiliano ya kila tundu. Nilipojaribu «private», ilikubali hata kubadilishiwa mipangilio. Maana yake ni kwamba mgeni yeyote angeweza kuuzima mtandao wa nyumba nzima bila ya kujua nenosiri lolote la siri, kwani toleo la 1 na la 2c la SNMP hayana ulinzi mwingine ila neno hilo, tena hupita bila ya kufichwa. Toleo la 3, lenye majina ya watumiaji na usimbaji fiche, limekuwa kiwango rasmi tangu mwaka 2002. Kwa kuwa hapakuwa na mtu anayeitumia huduma hiyo, tuliizima, na huo ndio uamuzi ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu huduma isiyowaka haihitaji kulindwa.

Poti zote za TCP zilipopimwa, ulitokea ukurasa wa pili wa mipangilio kwenye kisanduku kimoja cha waifai, kwenye namba ya juu kabisa, ulioachwa na fundi ambaye hakuna anayemkumbuka jina.

Sasa kuhusu nje. Nilizima waifai kwenye simu yangu, nikatumia data ya simu, nikaunganisha laptopu kwenye simu hiyo na kuipima anwani ya nje ya nyumba. Kampuni ya intaneti ilikuwa imempa anwani yake mwenyewe, na kabla ya kuigusa nilipata idhini yao kwa barua pepe. Huko nje ndiko tulikoipata sababu ya uzito wa usiku. Fundi mmoja aliyetangulia, ili mwenye nyumba aweze kutazama kamera zake akiwa safarini, aliiamuru ruta impelekee mashine ya kurekodi kila abishaye kutoka nje, kwenye poti yoyote. Kwa hiyo ile Telnet niliyoifunga kwa wageni wa ndani ilikuwa bado ikionekana kwa ulimwengu mzima. Nilipoyatazama mawasiliano ya mashine hiyo kwa Wireshark usiku, niliikuta yenyewe ikibisha kwenye poti 23 ya anwani za nchi za mbali, moja baada ya nyingine bila ya kupumzika. Ilikuwa imekwisha kuandikishwa katika jeshi kama lile la Mirai, ikiwatafuta wenzake.

Programu za aina hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, hivyo ukikizima kifaa na kukiwasha hutoweka, lakini kifaa kikirudi mtandaoni na nenosiri lile lile hushikwa tena baada ya muda mfupi. Tulikichomoa kwanza, tukaondoa amri ile kwenye ruta, tukazima pia huduma ya UPnP inayoviachia vifaa vijifungulie milango vyenyewe, ndipo tukakiwasha. Nenosiri la ukurasa wake wa tovuti lilibadilika vizuri, ila la Telnet halikubadilika, kwa kuwa katika baadhi ya mashine hizi limeandikwa ndani ya programu ya kiwandani na mtumiaji hana njia ya kulifikia. Mashine ya namna hiyo haitengenezeki. Tumeitenga katika mtandao wake peke yake, haina njia ya kutoka nje, na mwenye nyumba sasa hutazama kamera kwa kupitia njia iliyosimbwa hadi kwenye ruta. Ameahidi kuibadilisha mashine msimu wa wageni ukiisha.

Maalim wa Mkomani, Lamu

Fundi na Mlinzi, Mungu awalipe. Ninafundisha kompyuta katika shule moja hapa mjini na wanafunzi wangu wakubwa wamekwisha kuusoma uzi huu kabla yangu. Nina furaha, na pia nina hofu, kwa sababu nawajua: usiku huu watataka kubisha kila mahali. Wafanyie wapi mazoezi bila ya kuingia matatani?

Mlinzi wa Seva, Malindi

Maalim, hofu yako ina msingi, na dawa yake ni kuwapa uwanja wao wenyewe.

Wenye Nmap wameweka kompyuta moja, scanme.nmap.org, ambayo wameruhusu watu waipime kwa kiasi kidogo ili kujifunza. Hiyo ni ya kuonja tu. Mazoezi ya kweli yafanyike kwenye laptopu moja ya shule yenye mashine mbili za kufikirika ndani yake, yaani kompyuta zinazoigizwa na programu, moja ya kupimia na nyingine ya kupimwa, zilizounganishwa kwa mtandao wa ndani ya laptopu hiyo tu, bila ya njia ya kutoka. Mashine ya kupimwa inayofaa ni Metasploitable 2, iliyotengenezwa makusudi ikiwa imejaa nyufa na hutolewa bure. Isiunganishwe kamwe na mtandao wa shule.

Humo wataikuta seva ya FTP iitwayo vsftpd, toleo 2.3.4, na ningependa wasimuliwe habari yake kwa sababu inafundisha jambo ambalo upimaji wa manenosiri haulifundishi. Mwaka 2011 mtu asiyejulikana aliingiza maneno machache katika nakala ya programu hiyo iliyokuwa ikipakuliwa na watu, hivi kwamba mtu akiingia kwa jina lenye alama ya uso unaotabasamu, yaani nukta mbili na mabano, seva ilikuwa ikifungua poti 6200 na kumkabidhi amri zote. Programu yenyewe ilikuwa na sifa ya usalama. Aliyekuwa ameweka nenosiri refu na aliyekuwa hajaweka chochote walikuwa sawa. Wanafunzi wakiiona poti 6200 ikifunguka mbele ya macho yao, wataelewa kwa nini mtu huhakiki alama ya utambulisho ya faili kabla ya kulisakinisha, na kwa nini hupima tena baada ya kila sasisho.

Waanze kwa mkono kabla ya programu kubwa. Mwanafunzi aunganishe kwenye poti 25 ya mashine ile, aandike mwenyewe amri za barua pepe, aone seva inavyojibu kwa namba, 220, 250, 354. Aliyewahi kuzungumza na huduma kwa vidole vyake hadanganywi na ripoti ya programu.

Fundi wa Langoni, Lamu

Nakubaliana na Mlinzi juu ya ripoti za programu, na hapo ndipo ninapotaka kumalizia sehemu niliyoiahidi.

Katika nyumba ile kuna kompyuta ndogo yenye mfumo wa Debian, mmojawapo wa mifumo ya Linux, inayoendesha taa na pampu ya maji, nayo hupokea SSH, itifaki ya kuendeshea kompyuta ukiwa mbali kwa mawasiliano yaliyofichwa, kwenye poti 22. SSH iliandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen huko Finland, baada ya manenosiri kunaswa katika mtandao wa chuo kikuu chake, na namba 22 aliiomba kwa kuwa ilikuwa tupu baina ya 21 ya FTP na 23 ya Telnet, itifaki mbili ambazo alikusudia SSH ishike nafasi zake. Programu ya kutafuta nyufa ilisoma toleo lililotangazwa na huduma hiyo, ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba ni la zamani na lina nyufa kadhaa. Fundi mwenye haraka angempelekea mwenye nyumba wekundu huo. Lakini watengenezaji wa Debian huziba nyufa ndani ya toleo lile lile bila ya kubadilisha namba yake kuu, kwa hiyo tangazo la toleo pekee halithibitishi kitu. Niliingia kwa ruhusa, nikatazama kifurushi chenyewe kilichosakinishwa, nikakuta viraka vyote vimo. Tatizo la kweli lilikuwa jingine ambalo programu haikulipa uzito: mtu aliweza kuingia moja kwa moja kama msimamizi mkuu kwa nenosiri. Tuliondoa njia hiyo, tukaweka funguo za kidijitali badala ya nenosiri.

Ukurasa wa tovuti wa diski ulikuwa bado unakubali toleo la 1.0 la TLS, itifaki inayoficha mawasiliano ya tovuti, lililostaafishwa rasmi pamoja na 1.1 mwaka 2021. Tulibakisha 1.2 na 1.3.

Ripoti yangu ilikuwa na kurasa nne. Programu ilitaka kunipa themanini. Nilipanga mambo kwa kufuata madhara kwa nyumba ile, si kwa alama za kuanzia 0 hadi 10 ambazo programu huzigawa, na pasipoti za wageni zikatangulia juu ya yote ingawa «ufa» wake ulikuwa folda isiyo na nenosiri, jambo ambalo programu ililiweka ukurasa wa mwisho kama taarifa tu. Kila jambo nililiandikia mistari mitatu: nimeona nini, mtu mbaya angefanya nini nalo, na tufanye nini. Baada ya wiki mbili nilirudi kupima upya. Kutoka waifai ya wageni sasa hakionekani kifaa kingine ila ruta, na ruta yenyewe hujibu maswali ya majina ya tovuti na kugawa anwani, basi.

Mpokezi wa Wageni, Malindi

Fundi, nimerudi na habari. Nilimpelekea mwenye hoteli maneno yako kuhusu saa 72, naye aliniuliza maswali kwa saa nzima. Amekubali kuandika waraka, na ameniuliza kama wewe au Mlinzi mnaweza kuja. Kuna jambo moja lililomshtua: alichukua simu yake mwenyewe, akaunganisha kwenye waifai ya wageni, akaandika kwenye kivinjari anwani ya mashine ya kamera iliyobandikwa chini yake, na ukurasa wa kuingilia ukafunguka. Sikumwambia ajaribu nenosiri lolote.

Fundi wa Langoni, Lamu

Umefanya vyema kuishia hapo. Mlinzi yuko karibu nanyi zaidi, na kama ataridhia, yeye ndiye anayefaa, mimi nitamsaidia kwa simu. Wakati mnamngoja, andika orodha ya kila kifaa unachokiona kwa macho, pamoja na kile kilichofichwa nyuma ya kabati ya mapokezi, na mbele ya kila kimoja andika nani anakitumia na kwa kazi gani. Muulize mwenye hoteli vile vile ruta ni mali ya nani, na mkataba wa intaneti umeandikwa kwa jina la nani. Msichomoe wala kuzima kitu kabla ya Mlinzi kufika, kwa sababu kama mashine ile nayo imeshikwa, ushahidi wake uko kwenye kumbukumbu ya muda na utapotea umeme ukikatika. Ila njia yake ya kutoka nje ifungwe leo kwenye ruta, kwa mkono wa mwenye hoteli mwenyewe.

Mlinzi wa Seva, Malindi

Nimeridhia. Jumatatu baada ya saa nne asubuhi, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka vyumbani. Waraka uwe umetiwa sahihi kabla sijafungua laptopu.